Kazi ya daktari kwa mikono ya nani? Kenya, Tanzania, Ujerumani na Uingereza kwa tabibu, muuguzi na mkunga anayechagua pa kufanyia kazi

Afisa wa kliniki (Tanzania huitwa tabibu) aliyemaliza miaka mitatu KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, na mwaka mmoja wa mafunzo kazini anaweza kupangwa Turkana akawa yeye ndiye kila kitu: amsikilize mgonjwa, ampime, aseme anaumwa nini, aandike dawa, ashone jeraha, na akiona hali imemzidi aandike rufaa. Mtu huyohuyo akishuka Frankfurt hana ruhusa ya kufanya hata moja kati ya hayo kwa uamuzi wake. Ujuzi wake ni uleule. Ameingia nchi ambayo sheria yake imechora mpaka wa kazi ya daktari mahali pengine kabisa.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa matabibu, wauguzi na wakunga wanaopima kama waende au wabaki. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikasaini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin. Mawakala wa ajira hutaja mshahara, tiketi na ada ya masomo ya lugha. Ni nadra kumsikia wakala akieleza utaruhusiwa kugusa nini na kuamua nini ukishafika, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Mshahara mtu huuona kabla ya kusaini. Mpaka wa kazi huuona akiwa tayari amevaa sare.

Leseni iko kwa jina la nani

Zipo njia mbili kubwa za kumruhusu asiye daktari kufanya kazi ya daktari. Ya kwanza ni kukasimu: kazi inabaki ya daktari, naye humkabidhi mwingine aifanye kwa agizo lake na kwa dhamana yake. Ya pili ni kuunda kada yenye sheria, baraza na leseni yake, mtu akafanya kazi ile kwa jina lake mwenyewe. Ukiishika tofauti hiyo, mengine yote utayasoma kwa urahisi.

Ujerumani imesimama kwenye njia ya kwanza kwa miguu yote miwili. Sheria yake ya bima ya afya inasema tiba hutolewa na daktari, na msaada wa watu wengine unakubalika pale daktari alipouagiza na kuuwajibikia. Kisha Oktoba 2013 yakaanza kutumika makubaliano kati ya umoja wa madaktari wa bima na mifuko ya bima, yanayotaja waziwazi kazi zisizokasimika katika kliniki za nje: kuchukua historia ya ugonjwa, kumpima mgonjwa, kutamka ugonjwa, kuamua kwamba tiba fulani inahitajika, kumweleza mgonjwa na kumshauri, kuchagua tiba, na kufanya kiini cha upasuaji. Yanayobaki yanaweza kukabidhiwa, na makubaliano yale yana orodha ya mifano: kutoa damu, sindano, kufunga vidonda, kupima moyo kwa ECG, hata kumtembelea mgonjwa nyumbani. Daktari anadaiwa mambo matatu kwa kila anachokabidhi: amchague mtu anayefaa, amwelekeze, na amsimamie. Kazi ikifanyika, hulipwa kama kazi ya daktari mwenyewe.

Soma tena orodha ya visivyokasimika. Ndiyo siku nzima ya afisa wa kliniki wa Turkana.

Kenya na Tanzania zilifuata njia ya pili kwa sababu ya uhaba. Madaktari hawakutosha, na wachache waliokuwapo walikaa mijini. Usingeweza kukasimu kazi za daktari ambaye yuko kilomita mia mbili. Kwa hiyo ikajengwa kada inayojitegemea. Kenya ina Sheria Namba 20 ya 2017 ya maafisa wa kliniki, na baraza lao peke yao, tofauti na lile la madaktari. Tanzania Bara mwaka huohuo ilitunga Sheria Namba 11 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, ambayo inamweka tabibu na daktari msaidizi chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, paa moja na madaktari. (Zanzibar ina mabaraza yake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, leseni ya Unguja haikupi kazi Tanga, wala ya Tanga haikupi kazi Unguja.)

Mimi naona mpangilio wa Kenya unampa afisa wa kliniki sauti zaidi. Walipolalamika kwamba mfumo wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, hauwatambui ipasavyo katika kuidhinisha huduma, walikuwa na sheria yao ya kuegemea na chama cha kuwasemea. Tabibu wa Tanzania hukaa meza moja na wakubwa zake. Hata hivyo kukaa meza moja kuna faida yake: mpaka kati ya tabibu na daktari unajadiliwa ndani ya chumba kimoja, kabla haujageuka kesi.

Uingereza iko katikati, na ndiyo ngumu kuielewa. Hakuna orodha ya kitaifa kama ile ya Wajerumani. Baraza la madaktari, GMC, linamwambia daktari anayekasimu ahakikishe kwamba anayemkabidhi ana ujuzi wa kazi ile; daktari anawajibikia uamuzi wa kukasimu na mwenendo wa jumla wa matibabu, aliyekabidhiwa anawajibikia mikono yake. Juu ya msingi huo Waingereza wamefungua milango kwa kada moja moja, kila mlango na mafunzo yake na sheria yake. Ndiyo maana muuguzi mmoja London anaandika dawa na mwenzake wa wodi ileile haruhusiwi.

Sindano, damu na dripu

Hapa sitakaa sana. Kote kunne muuguzi anachoma sindano na kutundika dripu kwa agizo. Tofauti iko katika mazoea, na mazoea huuma kuliko sheria. Katika hospitali nyingi za Ujerumani damu huchukuliwa na madaktari vijana au wanafunzi wa udaktari, huku muuguzi akiwaogesha wagonjwa, akiwalisha na kuwageuza kitandani, kazi ambazo wodi zetu huwaachia ndugu wa mgonjwa kwa sehemu kubwa. Muuguzi wa Muhimbili au Kenyatta aliyezoea kutafuta mshipa wa mtoto mchanga usiku wa manane anaweza kujihisi ameshushwa cheo.

Asijihisi hivyo kabla hajasoma sheria ya uuguzi ya Ujerumani iliyoanza kutumika 2020. Sheria hiyo imetenga kazi ambazo ni za muuguzi aliyesajiliwa peke yake: kupima mgonjwa anahitaji uangalizi gani, kupanga na kuongoza mchakato wa uangalizi huo, na kulinda ubora wake. Mwajiri haruhusiwi kumpa mtu mwingine kazi hizo. Ni mpaka unaomlinda muuguzi, na sijaona sheria ya kwetu inayousema kwa ukali namna hiyo.

Kalamu ya kuandika dawa

Huu ndio upande ambao Uingereza imetutangulia kwa mbali kwa upande wa wauguzi, na anayependa kazi ya kuamua aupime vizuri.

Tangu Mei 2006 muuguzi wa Uingereza aliyesomea uandikaji dawa na kusajiliwa hivyo anaweza kuandika karibu dawa yoyote iliyo na leseni, kwa ugonjwa wowote ulio ndani ya uwezo wake. Mwaka 2012 ruhusa ikapanuliwa hadi dawa zinazodhibitiwa, morfini ikiwemo, isipokuwa chache zinazotumika kuwatibu waraibu. Muuguzi huyo hamsubiri daktari atie saini. Anapima, anaamua, anaandika, na kosa likitokea linamrudia yeye.

Muuguzi asiye na kozi hiyo ana njia nyingine, iliyowekwa na sheria tangu 2000: maelekezo ya maandishi kwa kundi la wagonjwa. Daktari na mfamasia huandaa hati inayosema mgonjwa wa namna hii apewe dawa hii, kiasi hiki, kwa masharti haya, taasisi ikaidhinisha, wauguzi wanaotajwa wakatoa dawa bila cheti cha daktari kwa kila mgonjwa. Chanjo nyingi hutolewa hivyo. Sharti lake moja huwashangaza wageni: muuguzi aliyemtathmini mgonjwa ndiye lazima ampe dawa. Hawezi kumtuma mwenzake. Kazi iliyokasimiwa haikasimiwi tena.

Kwa Ujerumani jibu ni fupi: kuamua dawa ni kwa daktari. Kumekuwa na mvutano huko juu ya kupanua ruhusa za wauguzi wenye shahada, na sheria inasogea, lakini anayefunga safari leo aihesabu kalamu kuwa ya daktari.

Afrika Mashariki kalamu iko kwa afisa wa kliniki na tabibu kwa haki ya kada yao. Kwa wauguzi, kilichosukuma mpaka ni UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilipopatikana, foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu kuliko idadi ya madaktari waliokuwapo. Januari 2008, mjini Addis Ababa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kugawana kazi baina ya kada, na nchi moja baada ya nyingine zikaruhusu wauguzi kuwaanzishia wagonjwa dawa hizo; Rwanda ilikuwa imekwisha kulijaribu na kuona linawezekana. Mamilioni ya watu wako hai kwa sababu hiyo. Lakini ruhusa zile zilikuja kwa miongozo ya wizara na ya programu, mara nyingi bila sheria ya wauguzi kuguswa. Muuguzi wa zahanati anaandika dawa kila siku kwa sababu hakuna mwingine, na siku ya lawama ataulizwa ni kifungu gani kilimruhusu. Ukichagua kubaki, ulizia hilo kwenye baraza lako, upate jibu lenye muhuri.

Kisu na dawa ya usingizi

Hapa Afrika Mashariki na Kusini zina la kujivunia, na ninalisema kwa sauti kwa kuwa tunalisema mara chache mno.

Madaktari wasaidizi wa Tanzania ni matabibu waliofanya kazi kisha wakarudi darasani miaka miwili. Kwa miongo mingi wao ndio waliobeba upasuaji wa kujifungua katika hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa 2009 ulichunguza upasuaji mkubwa wa uzazi 1,072 katika hospitali za Mwanza na Kigoma, mwingi ukiwa umefanywa na madaktari wasaidizi, na haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Jirani yetu Msumbiji ilianza 1984 kufundisha mafundi wa upasuaji wasio madaktari. Utafiti wa 2007 ulikuta kwamba katika hospitali za wilaya wao ndio waliofanya asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi. Miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 yao walikuwa bado kwenye hospitali hizo. Kwa madaktari waliopelekwa huko, hakubaki hata mmoja. Malawi nako maafisa wa kliniki ndio wenye kisu wilayani.

Kenya inawafundisha maafisa wa kliniki kwa stashahada ya juu ya fani maalumu: dawa ya usingizi, macho (pamoja na kutoa mtoto wa jicho), afya ya uzazi. Hapo ndipo vita na madaktari huwa vikali zaidi, na mimi siwalaumu madaktari kwa kila neno wanalosema. Kumpasua mama ni jambo moja; kutambua kwamba mama huyu hakustahili kupasuliwa, au kwamba tumbo limeficha kitu kingine, ni jambo la pili, na la pili ndilo linalohitaji miaka. Mpaka unaofaa ni ule unaosema afisa huyu afanye upasuaji gani, katika kituo chenye nini, na ampigie nani simu akikwama. Mpaka wa “anaweza” au “hawezi” peke yake haumwokoi mama.

Vuka sasa uende Ujerumani. Dawa ya usingizi ni ya daktari bingwa. Muuguzi wa chumba cha usingizi humsaidia, na hata awe na uzoefu wa miaka ishirini hamlazi mgonjwa kwa uamuzi wake. Wasaidizi wa madaktari wenye shahada, ambao Ujerumani imekuwa ikiwasomesha tangu 2005, nao hufanya kazi kwa kukasimiwa; wanaweza kushika vifaa na kushona chini ya jicho la mpasuaji, kiini cha upasuaji kikibaki kwake.

Uingereza ilijaribu kusogea. Wasaidizi wa madaktari na wasaidizi wa dawa ya usingizi waliwekwa chini ya GMC kuanzia Desemba 2024. Mzozo ulikuwa umeshawaka, kwani wagonjwa walikuwa wakitibiwa na msaidizi wakidhani ni daktari, na vilitokea vifo vilivyofika hadi kwa wachunguzi wa vifo. Serikali ilimpa Profesa Gillian Leng kazi ya kupitia suala zima, naye akatoa ripoti Julai 2025: jina libadilishwe ili ieleweke kwamba huyu ni msaidizi, asionane na mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujatambuliwa isipokuwa kwa utaratibu maalumu ulioandikwa, na aliyehitimu sasa hivi afanye kazi hospitalini angalau miaka miwili kabla ya kupelekwa kliniki za mitaani. Hawaruhusiwi kuandika dawa wala kuagiza eksirei. Afisa wa kliniki wa Kenya akiulinganisha uwezo huo na wa kwake, ataona yeye tayari anafanya zaidi, huku cheti chake kikiwa hakitoshi kumwingiza katika rejista ile.

Uzazi

Mkunga asome sehemu hii mara mbili.

Sheria ya wakunga ya Ujerumani imegeuza mambo: daktari ndiye anayelazimishwa kuhakikisha mkunga anaitwa kwenye kila uzazi. Mkunga anaweza kuzalisha bila daktari pale uzazi unapokwenda sawa, ila daktari, isipokuwa kwa dharura, hazalishi bila mkunga. Hakuna kukasimu hapo. Ni kazi ya mkunga kwa haki yake. Ni heshima kubwa kwa fani, na kwa mkunga wa kwetu ina mtego. Kenya na Tanzania mara nyingi uuguzi na ukunga husomwa pamoja na mtu akawa muuguzi mkunga. Ujerumani ni fani mbili zenye sheria mbili, na tangu 2020 ukunga husomwa chuo kikuu. Uingereza nako rejista ina sehemu tofauti kwa wauguzi na kwa wakunga. Ukiingia kwa mlango wa uuguzi, miaka yako ya leba haihesabiki kuwa ruhusa ya kuzalisha. Wapo wanaopokea watoto kila zamu hapa nyumbani ambao wakifika huko hawatagusa leba kamwe, mpaka waombe kutambuliwa upya kama wakunga.

Saini

Karatasi nayo ni kazi ya kitabibu, na sheria huilinda kuliko kisu wakati mwingine. Uingereza, tangu Julai 2022, cheti cha kwamba mfanyakazi hawezi kwenda kazini kwa ugonjwa kinaweza kutiwa saini na muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa viungo au wa tiba kwa vitendo, si daktari peke yake. Sababu ya kifo inabaki ya daktari kuiandika, ingawa muuguzi aliyefunzwa anaweza kuthibitisha kwamba mtu amefariki. Ujerumani vyote viwili ni vya daktari.

Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 ina sentensi ninayoipenda kwa uwazi wake: cheti cha ugonjwa kitiwe saini na daktari aliyesajiliwa, au na mtu anayetenda kwa niaba yake akiwa msimamizi wa zahanati au kituo cha huduma. Huko ni kukasimu kwa maneno ya sheria, kulikoandikwa na mtu aliyejua zahanati zetu zinavyokaa. Na katika kesi za ubakaji na shambulio, maafisa wa kliniki wa Kenya hujaza P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, na kusimama mahakamani kuieleza. Ni wajibu mzito. Ukiujaza kwa haraka mwisho wa zamu, mtu anaweza kukosa haki yake kwa sababu ya mstari mmoja ulioachwa wazi.

Kosa likitokea

Mwaka 1980 chama cha wauguzi cha Uingereza kilikwenda mahakamani chenyewe kuuliza kama wanachama wake wanavunja sheria. Sheria ya 1967 ilisema mimba itolewe na daktari aliyesajiliwa. Njia mpya ya dawa ilikuwa imeingia, daktari anaanzisha kisha muuguzi anaendesha dripu kwa saa nyingi. Wauguzi waliogopa kifungo. Kesi ilipanda ngazi hadi Baraza la Mabwana (House of Lords), mahakama ya juu ya wakati huo, na majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba sheria inatimizwa daktari akiagiza na kubaki mwenye dhamana kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama mikono ni ya muuguzi. Ukiwahesabu majaji wote tisa wa ngazi tatu waliosikiliza, watano walikuwa upande wa wauguzi wenye wasiwasi na wanne upande wa serikali, iliyosema inaruhusiwa, na bado serikali ilishinda. Kama majaji wa Uingereza waligawanyika kiasi hicho juu ya dripu moja, muuguzi anayeuliza “hii inaruhusiwa?” asionekane mwoga.

Ujerumani dhamana imegawanywa kwa namna inayofundishwa tangu darasani: anayeagiza anawajibikia agizo, anayetenda anawajibikia utendaji. Muuguzi anayekabidhiwa asichokijua ana wajibu wa kukataa, na kukataa huko kunakubalika kazini. Mambo ya ridhaa ni makali zaidi. Mgonjwa aelezwe kwa mdomo, na mtu mwenye mafunzo ya kufanya tendo lenyewe. Kumkata mtu bila ridhaa halali kunahesabiwa na mahakama zao kuwa kumjeruhi. Sasa fikiria wodi zetu, ambako karatasi ya ridhaa mara nyingi huletwa na muuguzi dakika chache kabla ya chumba cha upasuaji, naye ndiye anayeulizwa maswali. Ukiwa muuguzi Kenya au Tanzania, karatasi hiyo inakuweka mahali pabaya: unaelezea tendo ambalo hulifanyi, kwa niaba ya mtu asiyekuwapo.

Kwa kada zinazojitegemea, uhuru na lawama huja pamoja. Afisa wa kliniki hawezi kusema “daktari aliniambia”. Ndiyo bei ya kuamua mwenyewe, na kwa maoni yangu ni bei ya haki, ilimradi mwajiri ampe vifaa, simu ya kuomba ushauri na gari la rufaa. Pasipo hivyo, nchi imemkabidhi wajibu wa daktari ikabaki na nyenzo zake.

Marekani kwa ufupi

Wasomaji wa Dallas, Houston na Minneapolis wataniuliza. Wasaidizi wa madaktari walianzia Duke mwaka 1965 na ni fani yenye heshima na kipato, ila lazima usome shahada ya uzamili iliyoidhinishwa huko. Stashahada ya KMTC haikuruki hatua hiyo. Wauguzi wabobezi wanaoandika dawa hutegemea jimbo. Zaidi ya nusu ya majimbo yamewaacha wafanye kazi bila daktari. Texas hapana: sheria inamruhusu daktari kukasimu karibu tendo lolote ambalo daktari makini angeona ni salama kulikabidhi, dhamana ikibaki kwake, lakini muuguzi wa kuandika dawa anahitaji makubaliano ya maandishi na daktari, na kwa kawaida daktari mmoja asizidishe watu saba.

Basi uchague vipi

Kama wewe ni afisa wa kliniki au tabibu na unachokipenda ni kukaa mbele ya mgonjwa, kumsikiliza na kuamua, nakushauri ubaki, au utafute nchi ya Afrika inayoitambua kada yako. Ujerumani haina kada inayolingana na yako. Utaingia kama mwanafunzi wa uuguzi au msaidizi. Uingereza mlango wa kada iliyo karibu na yako ni mwembamba na umetikiswa na ripoti ya 2025. Fedha inaweza kukushinda, nami sitamhukumu mtu mwenye wadogo wa kusomesha. Lakini uende ukijua unachokiacha.

Muuguzi anayetaka kukua hadi kuamua mwenyewe, chaguo langu ni Uingereza. Utapitia mtihani wa Kiingereza, wa kompyuta, kisha wa vitendo, utaanza chini, lakini njia ya kufika kwenye kalamu imeandikwa na iko wazi. Muuguzi anayetaka mpaka ulio wazi na sheria inayomkinga dhidi ya kutumikishwa nje ya kazi yake, aitazame Ujerumani, akijua kwamba Kijerumani cha kiwango cha B2 si cha miezi mitatu na kwamba dawa ataitoa kwa agizo la mwingine.

Mkunga asisaini chochote kinachosema “muuguzi” kabla hajaonyeshwa kwa maandishi jinsi ukunga wake utakavyotambuliwa.

Na daktari anayekwenda Ujerumani au Uingereza kama daktari, wewe uko upande wa pili wa mpaka. Umezoea tabibu anayekuondolea nusu ya foleni kwa leseni yake. Huko historia ya kila mgonjwa utaichukua wewe, maelezo ya kila upasuaji utayatoa wewe, na utakapomwambia muuguzi afanye jambo, jina lako linakwenda pamoja naye.

Popote uendapo, kabla ya kusaini mkataba mwandikie mwajiri umuulize: nitasajiliwa katika rejista gani, na kwa cheo gani? Ni kazi zipi nitazifanya kwa uamuzi wangu, na zipi kwa agizo? Nikikabidhiwa kazi ambayo sikufunzwa, namwambia nani, na je, kukataa kwangu kutahesabiwa kosa la kinidhamu? Wakala atakujibu kwa simu. Mwambie unasubiri barua ya hospitali.